Kufuli kwa Wote, Ufunguo kwa Mmoja

Wazee walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lakini barua ipitayo katika intaneti haina kata moja tu: hupita katika mitambo mingi ya watu asiowajua mwandishi wala mwandikiwa.

Tangu zamani, watu wawili waliotaka kuandikiana kwa siri walilazimika kwanza kupatana juu ya ufunguo mmoja wa mafumbo na kupelekeana kwa njia ya salama. Serikali na majeshi yaliweza, kwani yalikuwa na matarishi waaminifu. Je, raia wawili wasiopata kuonana hata siku moja?

Jibu lilitangazwa mwaka 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Marekani. Kila mtu awe na funguo mbili zilizofungamana kwa hesabu: mmoja autangaze kwa watu wote, wa pili asimpe yeyote. Kilichofungwa kwa ule wa hadhara hakifunguki ila kwa ule wa siri. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walipata hesabu ya kulitimiza jambo hilo: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi nyepesi, bali kuzitambua tena kutoka katika jibu lake ni kazi ngumu mno. Tena, mwenye ufunguo wa siri aweza kutia sahihi ambayo kila mtu aweza kuihakikisha kwa ule wa hadhara.

Phil Zimmermann alipowapa raia chombo hicho bure mwaka 1991, katika programu ya PGP, Serikali ya Marekani ilimchunguza kwa sheria ya kupeleka silaha nchi za nje. Uchunguzi ulifungwa mwaka 1996 bila mashtaka.

Basi chombo tunacho. Hata hivyo, hesabu peke yake haisemi ufunguo huu ni wa nani. Mdanganyifu aweza kutangaza ufunguo wake kwa jina la rafiki yako, akaisoma barua, kisha akaifunga upya na kuipeleka kwa mwenyewe kana kwamba hapana lililotokea. Kwa sababu hiyo WhatsApp na Signal huonyesha tarakimu 60 ili wawili walinganishe, ana kwa ana au kwa sauti wanayoitambua.

Ni wangapi kati yetu wamepata kuzitazama? Kufuli tumepewa na wataalamu. Kumjua mwenye ufunguo ni wajibu wetu wenyewe.