Wasifu wa kazi

Wasifu wa kazi ni hati fupi ambamo mwombaji anaeleza elimu, ujuzi na uzoefu wake. Hujulikana pia kama CV, kifupi cha maneno ya Kilatini curriculum vitae, yaani "mwendo wa maisha".

Mfano wa kale ni barua ya Leonardo da Vinci kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, ya mnamo 1482. Ingawa alikuwa mchoraji, alitanguliza ujuzi wa kujenga madaraja na silaha, uliohitajika wakati wa vita. Uchoraji aliutaja mwishoni.

Mpangilio huo humfaa hasa anayebadili kazi. Mwalimu anayeomba kazi ya ofisini atangulize utunzaji wa kumbukumbu na uandishi wa taarifa, kisha masomo aliyofundisha. Maneno "nilisimamia maktaba ya vitabu 800" yana uzito kuliko "mimi ni mchapakazi".

Nchini Tanzania, matangazo ya ajira serikalini kwa kawaida hudai pia namba za simu na majina ya wadhamini watatu.

Yote yaliyoandikwa yawe kweli. Mwaka 2017 uhakiki nchini humo ulibaini watumishi wa umma zaidi ya 9,000 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini.