Ndege ya Texas haitawamaliza nguruwe pori wa Kigwa

KATIKA vijiji vya Kigwa, wilayani Uyui, mkulima anajua mapema kwamba mahindi yake yana wadai wawili. Wa kwanza ni yule aliyemkopesha mbolea. Wa pili ni nguruwe pori, ambaye haandiki barua wala hasubiri mavuno.

Mahindi yanapoanza kukomaa, na karanga zinapokaribia kung'olewa, familia nyingi huhamia shambani usiku. Hujenga dungu, huwasha moto, hugonga madebe na kupiga kelele hadi alfajiri. Asubuhi mtu huyo huyo anatakiwa kwenye bani la tumbaku, na mtoto aliyekesha naye anatakiwa darasani.

Ndiyo maana sishangai ninapoulizwa na wakulima: kama Wamarekani wanawapiga nguruwe risasi kutoka angani, sisi tunashindwa nini? Wengine wameona kwenye simu zao picha za jairokopta, kindege kidogo cha watu wawili, na kusikia kwamba ni cha bei nafuu kuliko helikopta. Swali ni zuri na linastahili kujibiwa kwa hesabu.

Jairokopta ni chombo gani?

Kwa mbali jairokopta inafanana na helikopta, lakini pangaboi lake la juu haliendeshwi na injini. Injini huzungusha pangaboi dogo linalosukuma chombo mbele, na upepo unaopita ndio unaolizungusha lile kubwa la juu. Chombo cha kwanza cha aina hii kilichofaulu kuruka kilitengenezwa na Mhispania Juan de la Cierva mwaka 1923.

Faida zake ni tatu. Kinahitaji uwanja mfupi, kinaweza kwenda polepole bila kuanguka, na injini ikizimika pangaboi la juu huendelea kuzunguka na chombo kikashuka taratibu. Kasoro yake ni kwamba hakiwezi kusimama angani mahali pamoja kama helikopta.

Majeshi yalikiona mapema, lakini zaidi kama jicho kuliko bunduki. Katika Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walikuwa na Fa 330, kifaa kisicho na injini kilichovutwa kwa kamba na nyambizi mithili ya kishada, kikiwa kimembeba mwanamaji mmoja wa kuangalia mbali. Agosti 1943, nyambizi ya U-177 ilikitumia katika Bahari ya Hindi na kuizamisha meli ya mizigo ya Ugiriki. Mwanamaji yule hakupiga risasi. Kazi yake ilikuwa kuona, na baharini hakuna mti wa kujifichia.

Tuliweke akilini neno hilo, kuona.

Kilichofanyika Texas

Mwaka 2011 jimbo la Texas lilipitisha sheria iliyoruhusu wenye mashamba kuwakaribisha wawindaji wanaolipa ili kuwapiga nguruwe kutoka kwenye helikopta. Nguruwe hao ni wa kufugwa waliotoroka, wakachanganyika na wale wa Ulaya walioletwa kwa ajili ya uwindaji. Idadi yao katika Marekani inakadiriwa kwa mamilioni, na hasara yake kwa zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka.

Lakini tazama mazingira yenyewe. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi, na maeneo mengi ni malisho ya wazi. Mwindaji hulipa ili awinde, hivyo gharama ya ndege inabebwa na starehe yake na wala si na mahindi ya mkulima. Hata hivyo, nguruwe hawajaisha. Wataalamu wanakadiria kwamba lazima theluthi mbili hivi ya nguruwe waondolewe kila mwaka ili tu idadi yao isiongezeke.

Hapa kwetu mharibifu ni mwingine. Nguruwe pori wa Afrika ni mnyama wa asili wa misitu hii. Mchana hulala kwenye vichaka vizito na usiku hutoka kwa makundi, akiongozwa na pua yake. Ngiri, ambaye hutembea mchana, angeweza kuonekana kutoka juu. Lakini anayewakesha watu wa Kigwa ni yule wa usiku, na nyumba yake ni miyombo ya hifadhi ya msitu wa Kigwa-Rubuga. Wakati wa mavuno msitu huo una majani tele, na rubani akipita juu yake ataona kijani tu.

Ndege zimewahi kuwasaidia wakulima wa magharibi, tena sana. Mwaka 2009 nzige wekundu walidhibitiwa katika mabonde ya Iku-Katavi, Ziwa Rukwa na Malagarasi, takriban hekta 10,000, kwa dawa ya kuvu iliyonyunyizwa kutoka angani. Ilifaulu kwa sababu nzige hukusanyika mahali pa wazi. Vivyo hivyo kwa kweleakwelea, ambao hurudi kulala kwa maelfu mahali pamoja. Pembezoni mwa Tarangire na Serengeti, ndege ndogo zisizo na rubani zimetumika kuwafukuza tembo mashambani. Tembo naye anaonekana.

Hesabu ya Kigwa

Tuache msitu, tushike kalamu. Tuseme jairokopta mpya inanunuliwa kwa dola 90,000, na dola moja ni Sh2,500. Hiyo ni Sh225 milioni. Ikiruka saa 2,000 katika maisha yake, kila saa inabeba Sh112,500 za ununuzi peke yake. Injini za vyombo hivi hula lita 15 hadi 20 kwa saa. Kwa lita 20 za Sh3,000, ongeza Sh60,000. Tumefika Sh172,500 kabla ya kumlipa rubani, mpiga risasi, fundi na bima. Gunia la mahindi likiwa Sh60,000, saa moja tu angani imekula karibu magunia matatu. Mkulima wa ekari mbili atalichangaje hilo, tena kwa mnyama ambaye rubani hamwoni?

Kuna sheria pia. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda kwa ndege au gari, kwa sumu wala kwa mitego bila kibali maalumu. Rubani na chombo vinahitaji leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Halafu kuna suala la nyama. Kigwa ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara ya kwenda Unyanyembe, njia iliyopitwa na Burton na Speke mwaka 1857, na kwa njia hiyo Uislamu ulistawi Tabora. Kwa kaya nyingi nguruwe aliyeuawa si kitoweo, kwa hiyo mwindaji hana cha kufidia risasi yake. Hata kwa wanaokula, nguruwe pori na ngiri huweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika. Virusi hivyo havimdhuru binadamu, lakini mabaki ya nyama yakifika kwenye banda yanaweza kumaliza nguruwe wote wa kufugwa.

Lindo la pamoja

Hasara kubwa kuliko zote ni usiku wenyewe. Chukua kaya 20, kila moja ikilinda shamba lake kwa siku 60. Hizo ni zamu 1,200. Sasa tuseme kaya hizo zinalima mahindi kwenye kitalu kimoja, zinajenga madungu manne pembeni, upande wa msitu, na kila usiku kaya nne zinalinda kwa niaba ya wote. Kila kaya italinda siku 12 badala ya 60. Zamu zilizookolewa ni 960, na kitalu hakikosi mlinzi hata usiku mmoja.

Kitalu kimoja pia kina mpaka mfupi wa kulinda kuliko mashamba 20 yaliyotawanyika. Mpaka huo ukifyekwa vizuri na kuzungushiwa uzio wa miiba, nguruwe hupoteza kichaka cha kujificha kabla ya kuingia. Mihogo na viazi vitamu, anavyovifukua kwa pua, vipandwe karibu na nyumba. Wakizidi, serikali ya kijiji iandike idadi ya ekari zilizoharibiwa na kumwita ofisa wanyamapori wa wilaya, ili msako ufanyike kwa kibali. Kifuta jasho cha Serikali kimelenga wanyama wakali kama tembo, kiboko na simba, hivyo anayevamiwa na nguruwe asikitegemee.

Kazi ngumu hapa ni kukubaliana. Kitalu cha pamoja kinataka watu waafikiane nani analima wapi, na asiyefika zamuni atozwe nini. Mikutano ya kijiji ya kabla ya mvua za Novemba ndiyo mahali pa kuyamaliza hayo. Mbegu zikishaingia ardhini kila mtu kwenye shamba lake, kutakuwa kumebaki madebe na mtoto anayesinzia darasani.