Hamira yenye jina letu, na kasheshe ya madini ya chuma

Kule Kibugu, Embu, na vijiji vingine vilivyo chini ya Mlima Kenya, pombe ya muratina hutengenezwa kwa tunda refu la mti wa jina hilohilo. Tunda hukaushwa, na likishatumika huanikwa tena likingoja sherehe nyingine. Siri yake ni hamira iliyojificha kwenye nyuzi. Hiyo ndiyo inayokula sukari ya asali au miwa na kuacha kileo.

Sasa skiza hii. Kuna hamira inayojulikana dunia nzima kwa jina la Kiswahili: Schizosaccharomyces pombe. Mjerumani Paul Lindner aliieleza mwaka wa 1893 baada ya kuipata kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki. Paul Nurse wa Uingereza aliitumia kuchunguza jinsi seli zinavyogawanyika, akawa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 2001.

Hamira hii na ile ya mandazi, Saccharomyces cerevisiae, ni ndugu wa mbali sana; waliachana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Zote zinahitaji madini ya chuma. Yakipungua, seli inadumaa. Yakizidi, yanazalisha kemikali zinazoiharibu kutoka ndani. Kwa hivyo lazima kuwe na jeni za kusimamia geti.

Hapo ndipo ndugu hawa wanatofautiana. Kwa hamira ya mandazi, chuma kikipungua, protini iitwayo Aft1 huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kuvuta chuma. Kwa hamira ya pombe, mlinzi ni Fep1, na kazi yake ni kuzima. Chuma kikiwa tele anakalia jeni hizo. Kikipungua anaondoka, zinawaka zenyewe. Mmoja anafungua geti, mwingine analifunga, lakini boma zote mbili ziko salama.

Unajiuliza, hii inatuhusu nini? Inatuhusu sana, maana fangasi wa Candida nao husaka chuma mwilini mwetu. Candida albicans hutumia Sfu1, ambaye ni wa ukoo mmoja na Fep1. Candida glabrata, licha ya jina, ni ndugu wa karibu wa hamira ya mandazi na ana Aft1 yake. Dawa ya kumlenga Aft1 huenda ikamkosa albicans.

Hata dawa za sasa haziwashiki sawasawa: glabrata mara nyingi huivumilia flukonazoli, ile tembe ambayo wengi hununua tu dukani. Kwa hivyo dadangu, kama muwasho unarudi kila mara, usimeze nyingine kwa kukisia. Nenda upimwe, ijulikane ni fangasi gani. Majina yao yanafanana, lakini ukoo ni tofauti.