Kuhesabu Karata: Ujuzi Halali au Udanganyifu?

Fedha za parachichi na chai zinapoingia, hakosekani mtu wa kumwambia mkulima wa Rungwe kwamba ipo mbinu ya kuishinda kasino, na kwamba yeye anaiuza. Inayotajwa zaidi ni kuhesabu karata katika mchezo wa ishirini na moja, yaani blekijeki. Mbinu hiyo ipo kweli. Mwanahisabati wa Marekani, Edward Thorp, aliieleza kitabuni mwaka 1962. Mchezaji hukumbuka karata zilizokwisha kutoka. Zikibaki nyingi za kumi na za A, huongeza dau; zikibaki nyingi ndogo, hulipunguza.

Je, ni kosa? Anayetumia kichwa chake tu hamdanganyi mtu, kwani anatazama karata ambazo kila aliyeketi mezani anaziona. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, humtia hatiani anayejipatia mali kwa hila ya udanganyifu: kutia karata alama, kula njama na mgawaji, au kubadilisha dau baada ya karata kufunuliwa. Hata hivyo, mpaka huo ni mwembamba kuliko wachezaji wanavyodhani. Phil Ivey alimshawishi mgawaji wa kasino ya London azigeuze karata fulani, akisingizia imani ya bahati, kumbe alitaka kuzitambua kwa mchoro wa mgongoni. Yeye mwenyewe hakuzigusa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kuwa alidanganya, akakosa pauni milioni 7.7. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ingawa zinaweza kuizingatia.

Tena, kutotenda kosa si kuhakikishiwa kiti. Kasino nyingi duniani humwondoa mezani anayehesabu; mahakama ya New Jersey, Marekani, ilizizuia za huko mwaka 1982, lakini huo ni uamuzi wa huko.

Na faida yenyewe? Mhesabuji hodari hupata wastani wa takriban asilimia 1 ya anachoweka. Dau la shilingi 5,000 mara 200 ni shilingi milioni 1. Faida ya wastani ni shilingi 10,000, na siku hiyo hiyo anaweza kabisa kupoteza 100,000. Nauli haijahesabiwa.

Kilicho karibu zaidi na msomaji wa Tukuyu ni mashine za sarafu, maarufu kama dubwi. Humo hakuna cha kuhesabu. Mashine halali huchagua kila tokeo upya, wala haikumbuki sarafu ilizomeza asubuhi. Usemi kwamba “imekula sana, sasa itatema” hauna msingi. Karata tatu za stendi nazo si mchezo wa bahati hata kidogo: mchezeshaji huhamisha karata kwa wepesi wa mkono, na washindi unaowaona ni wenzake.

Kabla ya kucheza, angalia kama mahali hapo pana leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na utunze tiketi yako. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Ukinyimwa ushindi, andika jina la mahali, saa na namba ya mashine, kisha upeleke malalamiko kwa Bodi. Aliyekuuzia mbinu kwa simu akatoweka ni wa kuripotiwa polisi. Ujumbe wa muamala usiufute.