Kabla Umpeleke Shosho Makao ya Wazee, Cheki Hivi Vitu Sita

Kulea mzee ukiwa tao si mchezo. Shosho akianza kusahau gesi ikiwaka, ama guka akishikwa na stroke na hawezi kujigeuza kitandani, mtu wa familia lazima awache kazi, ama mtafute mtu wa kumwangalia mchana na usiku. Ndio maana wasee wengi siku hizi wanaulizia makao ya wazee, kitu ambayo zamani ilikuwa aibu hata kuitaja.

Mambo ya laana tuwachie wazee wa ukoo. Swali letu ni moja tu: huko mnampeleka, atakuwa salama?

Usiamini geti safi. Mwaka wa 2023, BBC Africa Eye walitoa uchunguzi uliofanywa na kamera ya siri ndani ya makao ya wazee hapo tu Kiambu. Wazee walionekana wakichapwa, na wengine wakinyimwa matibabu. Hiyo si mashambani ndani ndani, ni karibu na Nairobi, na ilibidi kamera ifichwe ndio watu wajue.

Na sheria iko upande wa shosho. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazee, yaani wenye wamefikisha miaka 60, wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na familia na serikali. Umeskia hapo? Familia imetajwa. Kulipa makao hakukutoi kwa laini.

Sasa shika rada.

1. Enda siku hawakungoji

Siku ya kwanza utapiga simu, utakaribishwa, sakafu imepigwa deki na kila shosho amevaa sweta safi. Sawa, kunywa chai yao. Halafu rudi siku nyingine bila kusema. Enda wakati wa chakula, ama Jumapili, ama saa moja jioni wakati bosi ameenda. Kwa graundi mambo huwa tofauti.

Tumia pua. Mzee mmoja kujikojolea ni kawaida. Lakini harufu ya mkojo ikiwa imeshika viti na blanketi, jua kuna watu hukaa na maji siku mzima. Tumia pia masikio: mzee akiita, inachukua dakika ngapi mtu atokee?

Makao kuwa na saa za wageni si mbaya, wazee wanahitaji kupumzika. Lakini ukiambiwa utamwona mara moja kwa mwezi, tena kwa ofisi na mfanyakazi amekaa kando anaskiza, hapo geuka urudi nyumbani.

2. Makaratasi

"Tumesajiliwa" ni maneno tu. Omba kuona cheti chenyewe. Jina liwe lile lile liko kwa geti, na tarehe isiwe imepita. Halafu pitia ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya kaunti ndogo hiyo, uulize kama wanayajua hayo makao na mara ya mwisho waliingia lini.

Wakisema wanatibu wagonjwa, waulize laiseni ya KMPDC. Wakisema wana nesi, chukua jina na namba yake ya usajili, uicheki na Baraza la Wauguzi. Wapishi wawe na cheti cha afya, na wanaohudumia wazee wawe na cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI. Meneja msafi hatakasirika ukiuliza. Akianza kufoka, amekujibu.

3. Piga hesabu ya usiku

Mchana kila mahali kuna watu. Uliza hivi: "Usiku wa leo nani ako zamu, na anaangalia wazee wangapi?"

Mtu mwenye hawezi kujigeuza anafaa kugeuzwe karibu kila masaa mawili. Sema wako 10 wa hivyo, na zamu ni masaa 12. Kila mmoja atageuzwa mara 6, jumla mara 60. Ukiweka dakika 10 kila mara, pamoja na kubadilisha pampasi, hizo ni dakika 600. Yaani masaa 10 bila kukaa, bila kumpa mtu maji, bila mzee mwingine kuanguka choo. Mfanyakazi mmoja hawezi, hata awe malaika. Kitu itaachwa, na hiyo kitu ni kugeuza watu.

4. Soma miili, si kuta

Ukuta unapakwa rangi kwa siku moja. Mwili haudanganyi.

Vidonda vya kulalia huanzia pale mfupa unabanwa na godoro: juu ya matako, kwa nyonga na kwa visigino. Kwa ngozi nyeusi usingoje kuona wekundu. Gusa. Kama hapo ni moto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu ama pamegeuka rangi, na mzee anashtuka ukigusa, kidonda kiko njiani.

Angalia midomo iliyokauka na mkojo wenye rangi ya chai, hiyo ni kiu. Uliza kama wazee hupimwa uzito kila mwezi, na wakuonyeshe daftari. Ukipata karibu kila mtu amelala fofofo saa tano asubuhi, uliza wanapewa dawa gani. Kila mzee anafaa kuwa na chati yake: jina la dawa, kipimo, saa na sahihi ya aliyempa. Na ukiona mtu amefungwa kwa kiti na leso ndio asitembee, usiulize kingine.

5. Moto, choo na dishi

Mzee mwenye anasahau anaweza kutoka apotee, so geti kufungwa ni sawa. Lakini ufunguo wa mlango wa kulala uko wapi saa nane usiku? Kama uko kwa nyumba ya meneja, na madirisha yana grili, moto ukitokea ni kubaya. Mtungi wa gesi uwe nje, na uone mlango wa pili wa kutokea.

Choo iwe na vyuma vya kushikilia, sakafu isiyoteleza na taa usiku. Wakati wa kula, angalia wale hawawezi kujilisha. Kuna mtu amekaa nao akiwalisha polepole, ama sahani inawekwa na kuondolewa vile ilikuja?

6. Ganji

Omba kwa maandishi: pesa ya mwezi inalipia nini? Pampasi ziko ndani? Dawa? Akipelekwa hospitali usiku nani analipa, na SHA yake iko sawa?

Kama ana miaka 70 na zaidi na yuko kwa Inua Jamii, kuna Ksh 2,000 yake kila mwezi. Hiyo ni ya shosho. Makao hayana kazi na PIN yake ya M-Pesa, na kitambulisho chake wakitoe kopi wakurudishie.

Ukishampeleka sasa

Hapa ndipo familia nyingi hulala. Tengenezeni ratiba ya kumtembelea, lakini siku na saa zibadilike, wafanyakazi wasiwahi kujua mnakuja lini. Mzee mwenye watu wake hutokea ghafla si rahisi kumchezea.

Ukifika usipige selfie uende. Beba mafuta, mvue soksi, umpake miguu na mgongo. Shosho atafurahi kuguswa na mtu wake, na wewe utakuwa umeona visigino.

Akikwambia wanampiga, usiseme ni uzee. Anaweza kusahau leo ni siku gani na bado akumbuke mkono uliomchapa. Ukiona alama, piga picha. Mtoe hapo kwanza, mpeleke hospitali, halafu enda polisi upewe namba ya OB na fomu ya P3. Kama ni dharura, piga 999 ama 112. Kisha ripoti kwa ile ofisi ya Maendeleo ya Jamii, juu kuna mashosho wengine wamebaki huko ndani na hawana mtu wa kuwatembelea.