Wahindi Walitoka Wapi? (2): Mfupa wa Sikio wa Rakhigarhi

Wiki iliyopita niliishia kwa William Jones, jaji wa Kiingereza aliyewaambia wenzake mjini Calcutta mwaka 1786 kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini ni lugha ndugu. Tangu siku ile swali likawa hili: ikiwa lugha ni ndugu, je, na watu wenyewe? Wanaisimu na wanaakiolojia wamevutana juu yake kwa zaidi ya miaka 200. Leo tuwaache wavutane, sisi twende makaburini.

Rakhigarhi ni kijiji cha jimbo la Haryana, kaskazini-magharibi mwa Delhi. Chini ya mashamba na nyumba zake umelala mji mkubwa wa ustaarabu wa Bonde la Indus, uliositawi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Profesa Vasant Shinde na wenzake waliyafukua makaburi ya hapo, na mifupa wakaipata. Kazi ilikuwa kuisoma. DNA haina tofauti na samaki: penye baridi hukaa, penye jua na unyevu huharibika. Walipima sampuli zaidi ya 60 na moja tu ndiyo iliyotoa jibu, ya mwanamke aliyezikwa pamoja na vyungu vyake. Tena hazina yenyewe haikuwa kwenye paja wala fuvu la mbele, bali kwenye kijifupa kinacholizunguka sikio la ndani, ambacho ni kigumu kuliko mifupa yote mwilini.

Matokeo yalitoka mwaka 2019. Mama huyu alikuwa na asili mbili. Moja yafanana na ya watu wa kale wa Irani, ila tawi lake lilitengana nao kabla kilimo hakijaanza. Ya pili ni ya wawindaji wa kale wa Asia Kusini, ambao ndugu zao wa mbali wanaojulikana leo ni watu wa visiwa vya Andaman. Asili ya tatu, ile ya wafugaji wa nyika za Ulaya Mashariki na Asia ya Kati, hakuwa nayo hata chembe. Na leo asili hiyo imeenea karibu India nzima, nyingi zaidi kaskazini na kwa Wabrahmani, tabaka la makuhani.

Hapo magazeti ya India yakawaka moto. Wapo walioshangilia kwamba imethibitika hakuna mgeni aliyewahi kuingia Bara Hindi. Mimi sioni walikolipata hilo. Aliyekufa kabla mgeni hajapiga hodi hawezi kuwa shahidi kwamba mgeni hakuja. Na mwezi uleule ilitoka kazi nyingine iliyopima watu 523 wa kale, wengi wao wa Asia ya Kati na kaskazini mwa Pakistani, ikaonyesha damu ya nyika ikishuka kusini kati ya mwaka 2000 na 1500 kabla ya Kristo. Ukifuata kromosomu Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume, alama ya wafugaji wale utaikuta kwa Wahindi wengi. Ukifuata DNA ile anayorithisha mama peke yake, wengi wanarudi kwa wenyeji wa kale. Kwa hiyo walioingia na kuacha uzao walikuwa zaidi wanaume, wakaoa palepale.

Hata majina wanayopewa mababu wa Wahindi yamepita kwenye majadiliano makali. Mwaka 2008 mtaalamu wa jenetiki David Reich wa Harvard alikutana Hyderabad na wataalamu Lalji Singh na Kumarasamy Thangaraj. Wenyeji wake walikataa katakata lugha iliyoashiria kwamba Wahindi ni wahamiaji kutoka magharibi. Mwisho wakakubaliana juu ya mababu wa kaskazini na mababu wa kusini. Majina hayo ni ya suluhu ya kikao, si ya maabara, nayo yalichapishwa mwaka 2009 pamoja na jambo zito zaidi: katika makundi ya bara waliyoyapima, hakuna hata moja lililokosa mchanganyiko wa pande hizo mbili, awe Brahmani au mtu wa msituni.

Mchanganyiko huo ulifanyika kati ya miaka 4,200 na 1,900 iliyopita. Kisha mlango ukafungwa. Watu wakaanza kuoana ndani ya jati, yaani tabaka la kuzaliwa, na ukuta huo ukasimama. Sisi huku pwani huwaita wote Wahindi, lakini muulize Mbohora au Mpatel wa Mombasa kama jirani yake Mhindi anaweza kuwa mkwe wake hivihivi.

Mfano wa Wavysya wa Andhra Pradesh unatosha. Ni wafanyabiashara wapatao milioni 5, na DNA yao inaonyesha kwamba kwa miaka zaidi ya 2,000 karibu hawakuingiza damu ya nje. Ukoo ukianza na watu wachache na kujifungia, kasoro ya babu mmoja huwafikia wengi. Kwao ni upungufu wa kimeng'enya kinachovunja dawa moja ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji. Wewe na mimi tukidungwa dawa hiyo, baada ya dakika chache misuli inarudi kazini. Mgonjwa mwenye kasoro hii anaweza kulala saa kadhaa asiweze kuvuta pumzi mwenyewe, maisha yake yakishikiliwa na mashine. Ndiyo maana madaktari wa nusukaputi wa kule huuliza jati ya mgonjwa kabla ya kushika sindano.

Wiki ijayo tutakwenda Gujarat na Karnataka kwa Wasiddi, ambao sehemu kubwa ya asili yao kwa vipimo ni ya Wabantu, na ambao huko Gujarat dansi yao wanaiita goma hadi leo.