Pingyao, mji uliotajirika kwa hawala

Ratiba yetu iliipa Pingyao muda wa saa 3 tu. Saa nzima na ushei ikaishia kwenye duka la visanduku vya kupakwa laki, ambako hakuna aliyeomba kupelekwa. Ukitembea China kwa kundi, kiongozi mwenye bendera ndiye mwenye saa. Sisi wengine tulivishwa kofia nyekundu, tukamfuata kama vifaranga.

Mji huu wa kale uko katika jimbo la Shanxi, kaskazini mwa China. Ukuta wake, uliojengwa upya mwaka 1370 enzi za watawala wa Ming, una mzunguko wa kilomita 6 hivi: ndani udongo ulioshindiliwa, nje matofali ya kijivu. Milango yake ni 6, na wenyeji huufananisha mji na kobe: kichwa, mkia na miguu minne.

Mimi lakini sikufuata ukuta. Nilitaka kuiona Rishengchang. Ilianza kama duka la rangi za nguo, na mwaka 1823 ikageuka nyumba ya kupeleka fedha. Siku hizo mfanyabiashara alisafirisha fedha yenyewe, mapande kwa mapande, kwa njia zenye wanyang'anyi. Rishengchang ikamwambia: acha mzigo wako hapa, chukua karatasi, ukalipwe Beijing.

"Si hawala hii?" akasema mzee mmoja wa kundi letu, mtu wa Tanga aliyefanya biashara ya nguo ujanani. Ndiyo hasa, mzee wangu. Tofauti ni kwamba Wachina hawa waliiandika kwa mafumbo. Mwezi, siku na kiasi cha fedha vilipewa maneno ya siri, na yakipangwa pamoja yalisomeka kama shairi. Kila baada ya muda yalibadilishwa. Mwizi angeweza kuipata karatasi na asijue aghushi nini. Hapo ningekaa mchana kutwa, ila bendera ilikwisha kufika mlangoni.

Mwaka 1914 Rishengchang ikafilisika. Benki za kisasa zilikuwa zimeingia, na utawala wa kifalme uliokuwa mteja wake mkubwa ulikwisha anguka. Pingyao ikafukarika, na ufukara huo ndio ulioihifadhi: watu hawakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. Fedha za kubomolea zilipoanza kupatikana, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ruan Yisan wa Chuo Kikuu cha Tongji alipigania majengo mapya yawekwe nje ya ukuta. UNESCO iliuandika mji kuwa urithi wa dunia mwaka 1997.

Usidhani umesalimika kabisa. Oktoba 2021 mvua kubwa ziliangusha sehemu ya ukuta. Wazanzibari walioshuhudia sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib ikiporomoka Desemba 2020 wanajua uchungu huo.

Saa kumi na moja tulikuwa tumesharudi kwenye basi. Taa nyekundu zilikuwa ndiyo kwanza zinawashwa mitaani, na wenye vibanda wakikata nyama ya ng'ombe iliyokolezwa chumvi, ambayo mji huu unasifika kwayo. Sikuionja. Nawe ukipanga kwenda, muulize wakala wako kabla hujalipa: tutalala ndani ya ukuta, au tutapita tu?